Shahidi wa Mwaminifu

Miaka ya foleni za sukari, baba yangu mdogo alikuwa mweka hazina wa duka moja la kijiji. Yeye alipokea mali, akauza, akaandika daftari, na mkutanoni akatusomea hesabu. Tukapiga makofi. Siku rafu zilipokutwa tupu na daftari likionyesha faida, aliitwa mwizi.

Si kwamba nchi haikuijua dawa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 mashirika ya umma yaliongezeka, na mwaka 1968 likaundwa Shirika la Ukaguzi wa Hesabu liyakague. Vyama vya ushirika, vilivyovunjwa mwaka 1976, vilirudishwa kwa sheria ya 1982, na mwaka huohuo ikatungwa sheria ya mkaguzi wao, COASCO. Mkaguzi wa nje huhesabu magunia kwa macho yake, hulinganisha stakabadhi na daftari, ndipo hutoa maoni.

Dukani kwetu hakufika mtu. Baba mdogo alikwisha fariki, na leo, nikitazama mvua ya Lupepo ikilowesha migomba yake, bado sijui kama aliiba au aliibiwa. Ndugu msomaji, ukaguzi si mtego wa mwizi tu. Ni shahidi wa mwaminifu.