Pesa Iliyobaki kwa Sababu Haikulipwa

Noti nyingi za benki binafsi za Marekani zinazohifadhiwa leo katika albamu za wakusanyaji zimefika huko kwa sababu hakuna aliyezilipa. Noti ya benki katika karne ya 19 ilikuwa ahadi: anayeishika akifika kaunta ya benki iliyoitoa, apewe sarafu za dhahabu au za fedha. Benki ilipotimiza ahadi, noti ilirudi mikononi mwake ikatobolewa au kuchomwa moto. Ilipoanguka, noti zake zilibaki kwa mkulima, mwenye duka na mjane, na kwa kuwa hazikuwa na pa kurudishwa, zilitupwa sandukuni na kurithiwa na wajukuu. Kwa hiyo anayezitazama noti hizo na kuhitimisha kuwa enzi ile ilikuwa ya matapeli watupu anasoma ushahidi uliokwisha kuchujwa. Noti za benki zilizofanya kazi yao vizuri, kwa sehemu kubwa, hazipo tena.

Enzi yenyewe haikukosa matapeli. Mwaka 1832 Rais Andrew Jackson alikataa kurefusha hati ya Benki ya Pili ya Marekani, na hati hiyo ilipokwisha muda wake mwaka 1836, noti zilizokuwa mikononi mwa wananchi zikawa za benki zilizopewa idhini na majimbo. Kabla hata ya hapo, mwaka 1809, benki ya kijiji cha Glocester katika jimbo la Rhode Island ilikuwa imeanguka. Wakaguzi walikuta imetawanya noti za mamia ya maelfu ya dola, ilhali kasha lake lilikuwa na sarafu za dola 86 na senti kadhaa. Huko Michigan, sheria ya mwaka 1837 iliruhusu karibu kila kikundi chenye dhamana kufungua benki. Sarafu zilezile zilisafirishwa usiku kutoka benki moja hadi nyingine ili zimtangulie mkaguzi. Ndani ya miaka michache karibu benki zote zilizofunguliwa chini ya sheria hiyo zilikuwa zimekufa, na walioumia ni watu wa kawaida waliouza mazao yao wakalipwa karatasi. Dhuluma ile haina utetezi.

Atakayenipinga ataniambia kwamba hukumu dhidi ya enzi hiyo haikutokana na albamu peke yake, kwa kuwa watu wa wakati ule walilalamika wenyewe. Ni kweli. Wafanyabiashara walinunua vijitabu vilivyotolewa mara kwa mara, kama kile cha John Thompson wa New York, vikionyesha noti zipi ni bandia, benki zipi zimefungwa, na noti ya mji wa mbali ikatwe kiasi gani. Lakini vijitabu hivyo vinathibitisha pia upande wa pili. Soko lilikuwa na taarifa, na noti ya benki imara ilijulikana bei yake hata mbali na kwao. Huko New England, benki ya Suffolk ya Boston iliendesha tangu miaka ya 1820 utaratibu wa kupokea noti za benki za mashambani kwa thamani kamili, mradi benki hizo ziweke akiba kwake. Mkulima wa Vermont angeweza kulipa deni Boston kwa noti ya kijijini kwake bila kukatwa hata senti. Katika miaka ya 1980 wachumi Arthur Rolnick na Warren Weber walichunguza rekodi za benki zilizofunguliwa chini ya sheria kama ile ya Michigan katika majimbo manne. Waligundua kwamba karibu nusu zilifungwa, lakini chini ya theluthi moja ya hizo zilizofungwa ndizo zilizoshindwa kuwalipa wenye noti kwa thamani kamili. Nyingine zilifunga milango zikiwa zimelipa.

Karatasi zenyewe zinasema hivyohivyo zikishikwa mkononi. Noti iliyowahi kutumika ina sahihi mbili za wino, ya rais wa benki na ya mtunza fedha wake, pamoja na nambari na tarehe zilizoandikwa kwa kalamu. Imelegea kwenye mikunjo na imeingia uchafu wa vidole. Nyingi zinazouzwa minadani hazina hata kimoja kati ya hivyo. Ni nyeupe, kingo zake kali, na pa kutia sahihi pako wazi, kwa maana hazikuwahi kutoka benki. Ni salio la mchapaji. Uzuri wake ni wa kweli, na michoro ya meli, treni na miungu ya Kigiriki inastahili sifa. Hata hivyo, noti hizo hazikuwahi kununua mkate.

Stempu zilizofungwa ndani ya kisanduku cha shaba zinaipima hoja hii kutoka upande mwingine. Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe viliwafanya Wamarekani wafiche sarafu. Benki za New York ziliacha kulipa dhahabu tarehe 30 Desemba 1861, na kufikia katikati ya mwaka 1862 hata chenji ya fedha ilikuwa imetoweka. Watu walianza kulipana kwa stempu za posta, zikanata mfukoni na kuchanika. Tarehe 12 Agosti mwaka huo John Gault alipata hataza ya dawa yake: stempu ikunjwe juu ya kipande cha kadi cha mviringo, ifunikwe kwa ulanga mwembamba unaoonyesha kama kioo, kisha ibanwe kwa shaba ya njano. Kampuni ya Scovill ya Waterbury, Connecticut, mafundi wa vifungo, ndiyo iliyovitengeneza, kimoja kikitoshana na sarafu ya senti 25. Mgongoni palichorwa tangazo la aliyelipia, kwa mfano vidonge vya Ayer. Vilitengenezwa vipande laki kadhaa, na vilivyobaki leo ni elfu chache.

Kwa nini vichache hivyo? Wengi hujibu kwamba ulanga hupasuka, na serikali ilianza kutoa noti zake ndogo za senti mwezi uleule wa Agosti. Yote mawili ni kweli, lakini hayatoshi. Noti za benki zilizokufa nazo ni karatasi dhaifu, na bado zipo kwa maelfu. Tofauti ni kwamba stempu ya Gault haikupoteza mlipaji wake hata siku moja. Aliyebandua shaba alikuwa na stempu halali, na posta ilipeleka barua yake. Kifaa hicho kiliadimika kwa sababu kilitimiza ahadi yake hadi mwisho.

Kodi ya asilimia 10 iliyotungwa mwaka 1865 ndiyo iliyozifukuza noti za benki za majimbo sokoni. Zilizobaki ziko mikononi mwa wakusanyaji na makumbusho, nami nina ombi kwao: chini ya kila noti, pamoja na jina la benki na mwaka, andikeni kama ilitiwa sahihi, kama ilitobolewa, na kama benki hiyo iliwalipa waliokuwa nazo.