Saa Iliyochelewa Cayenne

Wasomaji wetu wengi wanaijua timazi. Ni kile kipande cha chuma au risasi ambacho fundi mwashi hukitungika kwa uzi ili apime kama ukuta wake umesimama wima. Timazi ikitulia, uzi huelekea chini moja kwa moja, kwa kuwa dunia inaivuta. Ikisukumwa kidogo, hupembea huku na huku. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi mpembeo huo mdogo ulivyowafunza wataalamu umbo la dunia, na jinsi nchi za Ikweta zilivyohusika na habari hiyo.

Mtaliano Galileo Galilei (1564-1642) alitambua kwamba timazi yenye uzi wa urefu fulani huchukua muda ule ule, au karibu sawa, ipembeapo kwa upana na ipembeapo kwa wembamba. Wala kuongeza uzito wake hakuiharakishi. Mnamo mwaka 1656, Mholanzi Christiaan Huygens aliitumia sifa hiyo kutengeneza saa ya timazi. Saa za zamani ziliweza kukosea kwa robo saa au zaidi kila siku. Saa yake ilikosea kwa chini ya dakika moja.

Hapa yafaa tutofautishe mambo mawili ambayo wanafunzi huyachanganya. La kwanza ni ukinzani, yaani upinzani wa hewa na msuguano wa pale timazi inapotungikwa. Huo hupunguza upana wa mpembeo hadi timazi inasimama. Ndiyo maana saa ikatiwa mizani na magurudumu ya kuisukuma kidogo kidogo. Lakini ukinzani huo haubadilishi muda wa kila mpembeo ila kwa kiasi kidogo mno. La pili ni uvutano wa dunia. Huo ndio unaoamua muda wenyewe, pamoja na urefu wa timazi. Uvutano ukipungua, timazi hurudi polepole zaidi, na saa huchelewa.

Ilisadikiwa wakati ule kwamba uvutano ni sawa kila mahali. Mwaka 1672 Akademia ya Sayansi ya Paris ilimtuma mtaalamu wa falaki, Jean Richer, kwenda Cayenne, katika pwani ya Amerika ya Kusini, nyuzi 5 hivi kaskazini ya Ikweta. Kazi yake kubwa ilikuwa kuitazama sayari ya Mirihi. Lakini alipofika huko aliona ajabu: saa iliyokwenda sawasawa Paris ilichelewa Cayenne kwa takriban dakika mbili na nusu kila siku. Ili timazi ipige sekunde kamili, ilimbidi aifupishe kwa milimita 3 kasoro kidogo. Richer hakuridhika na kipimo kimoja. Alikirudia kila wiki, kwa muda wa miezi kumi.

Si wote waliomwamini. Wako waliodhani amekosea kupima. Wengine walisema joto la nchi ile limerefusha chuma cha timazi. Hoja ya joto haikuwa ya kipuuzi, kwani chuma hurefuka kikipata moto. Lakini ufito wa chuma wa mita 1, ukiongezewa joto la nyuzi 20, hurefuka kwa robo tu ya milimita. Kiasi hicho hakitoshi hata kidogo. Aidha, mnamo mwaka 1677 Mwingereza Edmond Halley aliona saa yake ikichelewa katika kisiwa cha Saint Helena, na mwaka 1682 Wafaransa walipata habari kama hiyo katika kisiwa cha Gorée, pwani ya Senegal.

Ndipo Isaac Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687, alipoeleza sababu. Dunia inajizungusha, na mzunguko huo una nguvu zaidi penye Ikweta, hata vitu vinapungukiwa na uzito kidogo. Tena mzunguko huo umeifanya dunia itune katikati na kubonyea kwenye ncha zake. Kwa hiyo mtu aliye Ikweta yuko mbali zaidi na kitovu cha dunia. Siku hizi tunajua kwamba tofauti hiyo ni kilomita 21 hivi.

Kila mwamba ngoma huivutia kwake. Huko Ufaransa, Jacques Cassini alishikilia kinyume chake, kwamba dunia imerefuka kwenye ncha. Ubishi ukaendelea miaka mingi, mpaka safari mbili zilipotumwa kupima ardhi: moja ya mwaka 1735 kwenda Ikweta, karibu na Quito, na nyingine ya mwaka 1736 kwenda Lapland. Vipimo vilithibitisha kwamba saa ya Richer ilisema kweli.

Sisi walimu wa lugha tunaweza kudhani kwamba habari hii haituhusu. Tuliwahi kusoma insha ya mwanafunzi mmoja wa shule iliyo karibu na Ikweta, aliyeeleza jinsi alivyopima uvutano kwa jiwe na uzi. Alikuwa ameandika jibu lake, 9.78, kisha akalikata kwa wino na kuandika 9.81, kama kitabu kilivyosema. Tulisahihisha viambishi vyake, tukamsifu kwa Kiswahili chake safi, wala hatukumwuliza kwa nini amelikata. Baadaye sana tulitambua kwamba 9.81 ni kipimo cha Paris na London, na kwamba 9.78 ndicho kipimo cha Ikweta. Kijana yule alikuwa amesema kweli, akajikana mwenyewe, nasi tukampa alama nzuri.

Basi tunawaomba walimu wenzetu wajaribu. Tungikeni jiwe dogo kwa uzi, liwe sentimita 99 kutoka mahali pa kutungika hadi katikati ya jiwe, mlisukume kidogo, na mhesabu: litapita upande hadi upande mara 60 kwa dakika. Kisha mwaambieni wanafunzi waandike walichokiona. Kikitofautiana na kitabu, wasikikate. Wapime tena, kama alivyofanya Richer.