Muuguzi Mwenye Shahada Aelekee Wapi?

Muuguzi anayemaliza miaka minne ya chuo kikuu na mwaka wa mazoezi hospitalini hapa Tanzania hupewa mashauri matatu, yote kwa nia njema. Wazazi humwambia arudi akasomee udaktari. Wenzake wa zamu humwambia achukue uzamili wa afya ya jamii, maana ndiko kwenye miradi na semina. Rafiki aliyekwishaondoka humtumia ujumbe kutoka Riyadh au Manchester: fanya mtihani wa Kiingereza, uje. Sijasikia anayemuuliza swali ambalo ningetaka aanze nalo: ni mgonjwa gani uliyeshindwa kumsaidia, na siku ile ulikosa nini?

Swali hilo limejaa katika maisha ya Cicely Saunders, Mwingereza aliyezaliwa 1918. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliacha masomo yake Oxford akaenda kusomea uuguzi katika shule ya Nightingale, hospitali ya St Thomas', London. Mgongo ukamsumbua, kazi ya kunyanyua wagonjwa ikamshinda, akageukia ustawi wa jamii hospitalini. Huko akakutana na David Tasma, Myahudi kutoka Poland aliyekuwa akifa kwa saratani mbali na kwao. Tasma alifariki 1948 akamwachia pauni 500. Saunders akawa anajitolea katika nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa, na huko akaona kwamba maumivu hutulia dawa ikitolewa kwa saa zake, bila kumngoja mgonjwa alie kwanza. Lakini nani angemsikiliza? Daktari wa upasuaji aliyefanya naye kazi, Norman Barrett, hakumung'unya maneno: nenda kasomee udaktari, kwa sababu madaktari ndio wanaowakimbia wanaokufa. Akaanza udaktari akiwa amevuka miaka 30, akafuzu 1957, na 1967 akafungua St Christopher's, kituo kilichoweka msingi wa tiba shufaa ya kisasa.

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: alipita fani tatu akarudi kwa mgonjwa yuleyule. Basi mzazi anayemsukuma mwanawe kwenye udaktari ana hoja. Ila kilichomsukuma Saunders si heshima wala mshahara. Ni kwamba katika Uingereza ya siku zile neno la nesi halikufika penye uamuzi. Ushauri wa Barrett, ukiutazama vizuri, unaulaumu mfumo kuliko unavyousifu udaktari.

Loretta Ford alishika njia nyingine. Alikuwa nesi wa afya ya jamii huko Colorado, Marekani, katika maeneo ambako watoto wengi walikua bila kuonwa na daktari. Mwaka 1965, pamoja na daktari wa watoto Henry Silver, alianzisha katika Chuo Kikuu cha Colorado mafunzo ya kumwezesha nesi kumpima mtoto, kutambua maradhi na kuanzisha tiba, huku akibaki nesi. Miongoni mwa waliompinga kwa ukali walikuwamo walimu wa uuguzi wenyewe. Walimwona anawageuza wauguzi kuwa madaktari wadogo. Leo wauguzi wa daraja hilo Marekani wamepita laki tatu. Katika baadhi ya majimbo hufungua kliniki zao wenyewe. Katika mengine bado wanadaiwa mkataba na daktari. Mimi huvutiwa zaidi na alichofanya Ford baadaye. Alipokuwa mkuu wa kwanza wa shule ya uuguzi katika Chuo Kikuu cha Rochester, kuanzia 1972, alitaka anayefundisha uuguzi aendelee kuhudumia wagonjwa. Fikiria sharti hilo lingewekwa katika vyuo vyetu. Sijui darasani wangebaki wangapi.

Msomaji atasema Colorado ni mbali. Haya, twende Kampala. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, akiifuata njia ya Saunders kwa kutumia mofini ya maji: unga wa dawa uliokorogwa kwenye maji, wa bei ndogo, ambao mgonjwa anaweza kuunywa nyumbani kwake. Kikwazo kikawa kalamu. Aliyeruhusiwa kuiandika dawa ile ni daktari, na vijijini daktari hayupo. Mwaka 2004 Uganda ikabadilisha kanuni, nesi au tabibu aliyesomea tiba shufaa akaruhusiwa kuiandika. Masomo yenyewe hayafiki mwaka. Yalinganishe na uzamili wa miaka miwili ambao mhitimu wake anarudi na cheti kipya na mamlaka yaleyale ya zamani.

Hapo ndipo njia zinapoachana. London ilimtoa Saunders katika uuguzi ili asikilizwe. Colorado na Kampala zilimwongezea nesi uwezo palepale alipo. Kwetu, mara nyingi mno, elimu humtoa muuguzi wodini bila kumpa neno juu ya tiba: anakuwa mratibu, msimamizi, mwandishi wa ripoti. Kazi hizo zinahitaji watu, sikatai, na matroni mzuri huokoa wodi nzima. Lakini nesi mwenye mkono mwepesi na jicho kali kwa mtoto aliyezidiwa hapaswi kupanda daraja kwa kumwacha mtoto huyo. Muhimbili kuna uzamili wa uuguzi wa wagonjwa mahututi, wa afya ya akili na wa ukunga. Huko ningemtuma kabla ya kwingine.

Kuhusu kwenda ng'ambo sina mengi. Kenya na Uingereza zilitiliana saini mkataba wa wauguzi mwaka 2021, na anayeondoka kulipa madeni na kusomesha wadogo zake simlaumu. Ajue tu kwamba wengi huanza upya kwa mitihani na usajili, na utaalamu mahususi ndio unaowabeba kuliko miaka ya zamu.

Kwa hiyo wewe unayejaza fomu mwaka huu, kabla hujalipa ada mwulize mratibu wa kozi mambo mawili. Nikihitimu, sheria itaniruhusu kumfanyia mgonjwa nini ambacho leo siruhusiwi? Na wahitimu wenu wa mwaka juzi wako wapi sasa, wodini au ofisini? Akikosa majibu, tafuta chuo kingine.