TiddlyWiki

TiddlyWiki ni programu huria ya daftari binafsi, iliyotolewa na Mwingereza Jeremy Ruston mwaka 2004. Wiki hapa si juma. Ni neno la Kihawaii lenye maana ya “haraka”. Daftari zima hukaa ndani ya faili moja la HTML, linalofunguka kwa kivinjari hata pasipo intaneti. Ukilitumia kupanga kazi, kila kazi huandikwa kwenye kijikaratasi chake na kupewa lebo. Ukiweka lebo ya “simu”, kwa mfano, kichujio kitakuletea wote unaopaswa kuwapigia. Ukitia tiki, jina linatoka orodhani. Toleo la GTDTiddlyWiki lilitengenezwa kufuata mbinu za mwandishi David Allen za kupanga kazi. Kero ya TiddlyWiki ni kuhifadhi: kwa kawaida kivinjari hakiruhusu ukurasa ujiandike upya wenyewe, hivyo anayesahau kupakua nakala mpya hupoteza aliyoyaandika.