KARANGA ZA NACHINGWEA NA KALAMU YA MHASIBU

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Leo tuisome historia ya nchi yetu, kisha tuipime kwa mizani ya dini. Nawakusudia hasa nyinyi mnaoshika kalamu za malipo: wahasibu, makarani wa fedha, watunza stoo, makatibu wa AMCOS, na kila ambaye bila sahihi yake mtu hapati haki yake.

Mwaka 1946 Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, na Waingereza walikuwa na shida ya mafuta ya kula. Wakaamua kulima karanga Afrika Mashariki, zaidi ya ekari milioni 3, kwa makisio ya takriban pauni milioni 25. Hapa Tanganyika yakachaguliwa maeneo matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea ikapangwa bandari ya kina kirefu Mtwara, na reli ya kuvuka misitu ya kusini. Kazi ikaanza 1947 chini ya kampuni ya United Africa, na mwaka 1948 ikakabidhiwa shirika la serikali, Overseas Food Corporation.

Mashine nyingi zilikuwa masalia ya vita. Hata vifaru viligeuzwa matrekta ya kung'olea visiki. Oda zikatoka kwa haraka, meli zikashusha mizigo, stoo zikajaa. Lakini kitabu hakikwenda mwendo wa mzigo. Kitu kinapokelewa hakiandikwi, kinatumika hakiandikwi, kinaharibika hakiandikwi.

Basi sikiliza kilichotokea. Hesabu za shirika za mwaka ulioishia Machi 1949 zilipokaguliwa, wakaguzi hawakukubali kuthibitisha kwamba vitabu vimetunzwa inavyopasa. Novemba ya mwaka huo jambo likafika Bunge la Uingereza, likawa fedheha. Januari 1951 serikali yao ikatangaza kuachana na mpango, na kufuta hasara ya takriban pauni milioni 36. Reli ya Nachingwea nayo baadaye ikafungwa na kung'olewa.

Ndugu yangu, tuwe waadilifu. Karanga hazikufa kwa sababu ya vitabu peke yake. Udongo wa Kongwa ulikauka ukawa kama saruji, mvua hazikuja kama zilivyotarajiwa, mashine hazikuhimili visiki, na wakubwa walikuwa na pupa. Vitabu vilikuwa na kosa la namna nyingine: havikuwa na uwezo wa kumwambia mtu yeyote kwamba mali inakwisha. Mgonjwa alikuwa na homa na nyumbani hakuna kipimo.

Sasa njoo kwenye Qur'ani. Aya iliyo ndefu kuliko zote haizungumzii swala wala Hija. Ni aya ya deni, Surat Al-Baqara aya ya 282. Ndani yake Allah (Subhanahu wa Ta'ala) anatuamrisha kuandika deni na muda wake, liwe dogo au kubwa, na tusichoke. Anamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu na asikatae kuandika. Anataka mashahidi. Kisha anakataza mwandishi na shahidi wasidhuriwe. Je, bado utasema uhasibu ni kazi ya dunia tu?

Mtazame pia Nabii Yusuf (alayhis salaam). Alipoomba kusimamia hazina za Misri alitaja sifa mbili: anajua kuhifadhi, na ana elimu. Uaminifu bila elimu hupoteza mali, na elimu bila uaminifu huiiba. Wale wa karanga walikuwa na fedha, meli na mashine. Walikosa hifadhi.

Ewe mhasibu, chukua mambo matatu.

Kwanza: usilipe kwa mdomo. Oda, hati ya kupokelea mali na ankara zisomane, ndipo uweke sahihi. Usithibitishe umepokea mifuko mia wakati umehesabu tisini, hata mkubwa akikuambia mingine iko njiani. Ulichosaini ni ushahidi, na utaulizwa.

Pili: usicheleweshe. Mtume (swallallahu alayhi wasallam) ametufundisha kwamba mwenye uwezo akichelewesha deni anadhulumu. Tazama Nachingwea, Ruangwa na Liwale leo. Mkulima anapeleka korosho ghalani na kurudi nyumbani na stakabadhi. Mazao yanakwenda mnadani, fedha zinashuka kwa chama kikuu na AMCOS, makato yanatolewa, kisha yeye analipwa. Ile karatasi ni ada ya mtoto, ni dawa, ni bati la nyumba. Faili lake likilala kwenye meza yako bila sababu, lililolala pale ni jasho lake. Na makato uyaandike wazi, kila moja na jina lake, ili hata asiyejua kusoma akisomewa aelewe.

Tatu: usipokee cha kuharakishia. Mtume (swallallahu alayhi wasallam) alimtuma mtu kukusanya zaka, akarudi akigawa mali: hii yenu, na hii nimepewa zawadi. Mtume akapanda mimbari akakemea, akahoji kama angekaa nyumbani kwa wazazi wake zawadi hiyo ingemfuata. Hadithi imo katika Bukhari na Muslim. Basi ile "chai" ya muuza vifaa ipime kwa swali hilohilo: ungekuwa huna cheo, angekuletea?

Na wewe uliye bosi, usimlazimishe karani wako kusaini uongo. Huko ndiko kumdhuru mwandishi, na Qur'ani imekataza.

Wakaguzi wa 1949 walitafuta vitabu vilivyotunzwa inavyopasa, hawakuvipata. Siku ya Kiyama kitabu hakitakosekana. Tutapewa mkononi, kidogo na kikubwa kimeandikwa.

Ewe Allah, wape wanaotunza mali za watu uaminifu na elimu, na uwafikishie wenye haki haki zao. Amin.

Mtumie ndugu yako anayeshika kalamu ya malipo. Wabillahi tawfiq.