Vita vilivyobaki tumboni

Huko Newbury Park, Ilford, mashariki mwa London, imesimama sanamu ya shaba ya askari, iliyozinduliwa mwaka 1922. Katikati ya Dar es Salaam imesimama nyingine, ya mwaka 1927. Zote zinaonyesha askari mzima wa mwili. Lakini katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918, upande wa Afrika Mashariki, maradhi yaliua wengi kuliko risasi, na miongoni mwa maradhi hayo ni kuhara damu.

Uingereza iliunda Wizara ya Pensheni mwaka 1916. Ulemavu ulipimwa kwa asilimia. Aliyepoteza miguu miwili alihesabiwa 100. Mguu uliokatwa haukuhitaji shahidi, tumbo lilihitaji. Askari aliyerudi Ilford na utumbo ulioharibika alitakiwa kuonyesha kuwa ugonjwa ulisababishwa au kuzidishwa na utumishi wake. Mwaka 1919 sheria ilimpa haki ya rufaa. Ile ya 1921 ikaweka ukomo wa miaka saba wa kudai.

Katika Vita vya Pili vya Dunia, vidonda vya tumbo viliwaondoa jeshini Waingereza wengi. Mwaka 1943, kufuatia malalamiko bungeni, mzigo wa kuthibitisha ulihamishiwa kwa serikali: penye shaka, askari ndiye aliyepewa haki. Kilichosababisha vidonda vingi, bakteria, kiligunduliwa Australia mwaka 1982 na Barry Marshall na Robin Warren.

Je, mpagazi wa Afrika Mashariki? Katika vita vya kwanza, wapagazi wapatao milioni moja walibeba mizigo ya majeshi. Wengi, waliozoea ndizi, wali au mtama, walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wakaula haujaiva. Matumbo yalishindwa. Wanaokadiriwa kufa katika utumishi wa Waingereza ni zaidi ya 90,000. Jina la kikosi chao limebaki Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi.

Aliyenusurika alirudi kijijini na maumivu yake. Baraza la rufaa la Uingereza halikumhusu. Hata mishahara ya marehemu wengi, ambao jamaa zao hawakupatikana, haikulipwa.

Mwezi Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi kwa kutowakumbuka Waafrika hao kwa usawa. Radhi hiyo ilihusu makaburi na majina. Madai ya walio hai yalikuwa yamekwisha kuzikwa pamoja nao.