Koili mbili dhidi ya mvumo: historia fupi ya hambaka

Mdogo wangu anapiga solo kwenye bendi ya dansi Kisarawe. Juzi alinifuata Kibaha, gitaa begani: "Kaka, kiongozi wa bendi kasema solo yangu inamezwa na ridhimu. Nizime koili moja?" Nikamwambia subiri, tuanze na historia.

Pikapu za zamani (siyo yale magari!) zilikuwa na koili moja. Sauti yake iling'aa, ila zilidaka mvumo wa umeme. Mwaka 1955 Seth Lover, mhandisi wa Gibson kule Marekani, aliomba hataza ya hambaka: koili mbili zilizopingana kwa mzunguko na kwa sumaku. Mvumo unafutana, mlio wa nyuzi unajumlishwa. Miaka ya 1970 zikaja zenye nguvu zaidi, kama Super Distortion ya DiMarzio, kwa ajili ya roki. Waya ukizungushwa mara nyingi zaidi, nguvu inaongezeka lakini sauti za juu zinafifia.

Ukizima koili moja, mng'ao unarudi. Tatizo, mvumo nao unarudi!

Unazikumbuka balbu za shule ya msingi, mfuatano na sambamba? Hambaka kwa kawaida huungwa mfuatano. Ukiziunga koili zake sambamba, induktansi inashuka hadi karibu robo. Nguvu inapungua, sauti inafunguka, na mvumo unaendelea kufutwa.

Pikapu yake ilikuwa na nyaya nne, basi tukalehemu swichi ndogo. Jioni akarudi Kisarawe, hakuna koili iliyozimwa.